Kukopesha Leta: hati za deni za serikali ni nini, na mkaaji wa kawaida anazipataje?

Mtu mwenye dola 2000 za akiba mjini Butembo, Beni, Bunia ao Uvira anajua sehemu za kuziweka. Anaweza kununua parsele. Anaweza kuagiza mzigo pamoja na wenzake. Anaweza kuzitia katika kasha la AVEC kidogo kidogo, kuzipeleka kwa COOPEC, ama kuzificha nyumbani na kuomba Mungu wezi wasijue. Wengine wanamkopesha jirani mwenye shida kwa faida ya 20 ao 30 kwa mia kila mwezi, ile biashara watu wanaita Banque Lambert. Kuna sehemu moja ambayo karibu hakuna anayeitaja: kukopesha serikali.

Na serikali inakopa kweli. Tangu mwezi wa kumi 2019, Wizara ya Fedha ilirudia kuuza hati za deni kupitia Banki Kuu ya Kongo (BCC), mara nyingi siku ya pili ya juma. Zile za muda mfupi zinaitwa Bons du Trésor. Zile za muda mrefu zaidi zinaitwa Obligations du Trésor. Huko Tanzania wanasema hatifungani. Maneno haya yanapita kwenye habari za saa moja, na mkaaji anabaki akifikiri ni mambo ya wakubwa wa Kinshasa. Lakini kila mwenye akaunti kwenye banki amekwisha kuguswa na biashara hii, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Ni deni, hakuna kingine

Neno "kununua" linachanganya watu. Anayenunua hati ya deni hanunui mali. Anakopesha. Hati inaonyesha nani anakopa, amekopa kiasi gani, atalipa faida gani na atarudisha siku gani. Ni sawa na karatasi ambayo watu wawili wanaandika mbele ya shahidi, tofauti ni kwamba hapa mwenye kukopa ni Leta.

Mfano: mtu anatoa dola 1000 kwa hati ya miaka miwili yenye faida ya 9 kwa mia kwa mwaka. Mwaka wa kwanza ukiisha anapata dola 90. Mwaka wa pili ukiisha anapata dola 90 tena, pamoja na zile 1000 zake. Jumla 1180. Serikali ikipata makuta mengi mwaka huo, yeye hapati zaidi ya hapo. Ikipata kidogo, bado inapaswa kumlipa zile zile. Hapo ndipo hati inatofautiana na hisa ya kampuni, ambayo inamfanya mtu kuwa mmoja wa wenye kampuni, na siku ya hasara anakula hasara pamoja nao.

Hati za muda mfupi zinaweza kufanya hesabu kwa njia nyingine: faida inakatwa mbele. Mtu anatoa 960 leo, kiisha miezi sita anapewa 1000. Zile 40 ndizo faida yake.

Mwanamemba wa AVEC atacheka akisikia 9 kwa mia kwa mwaka. Katika kasha lao, lile lenye kufuli tatu, mkopo unalipiwa 5 ao 10 kwa mia kwa mwezi mmoja. Lakini faida ya AVEC inatoka mifukoni mwa wanamemba wenyewe, na inarudi kwao siku ya kugawana. Mikopo yake ni midogo na mifupi, na wakopaji wanajulikana hadi mlango wa nyumba. Kikundi cha watu 25 hakiwezi kupokea dola 5000 za mtu mmoja na kuzizungusha. Mwenye AVEC inayotembea vizuri asiiache kwa ajili ya hati za serikali. Hati inapaswa kulinganishwa na makuta yaliyolala: dola chini ya godoro, ama akaunti ya akiba ambayo mwisho wa mwaka inaleta vidola viwili vitatu, na gharama za akaunti zinavimeza.

Nani ananunua sasa?

Wanunuzi wakubwa ni mabanki. Na mabanki yananunua kwa makuta gani? Sehemu kubwa ni ya wateja: mshahara wa mwalimu ambao haujatoka wote, akiba ya mwenye mangazini, makuta ya parokia na ya mashirika. Mama anaweka dola 500, banki inampa faida ndogo sana ama haimpi kitu, kisha banki inakopesha serikali na kupokea faida iliyo kubwa kuliko ile. Si wizi. Ndiyo kazi ya banki tangu zamani, na banki ndiyo inabeba hatari kama serikali ikichelewa. Lakini mteja akijua hivyo, anaweza kuzungumza kwa namna nyingine kwenye gishe. Mwenye akiba ya kutulia anaweza kuuliza bei ya dépôt à terme, ile DAT, yaani kufunga makuta miezi sita ama mwaka mmoja kwa faida inayojulikana mbele. Bei hiyo mara nyingi inazungumzwa, hasa kama kiasi ni kikubwa. Anayenyamaza anapewa ile ya chini.

Mtu binafsi hapeleki ombi lake mwenyewe kwenye mnada wa BCC. Anapitia banki. Tena hakuna karatasi yenye muhuri ya kutia kwenye valizi: hati ni maandishi katika hesabu, na kile mteja anashika mkononi ni karatasi ya banki inayothibitisha. Soko lote limepangwa kwa kipimo cha mabanki na makampuni. Muuzaji wa mawese mwenye akiba ya dola 100 hakufikiriwa wakati lilipopangwa.

Ingeweza kuwa tofauti. Mwaka wa 2017, Kenya ilitoa hati iliyoitwa M-Akiba: mtu alinunua kwa simu, kuanzia shilingi 3000 tu, kwa faida ya 10 kwa mia kwa mwaka, muda wa miaka mitatu. Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na mabanki mawili kati ya yale makubwa yanayofanya kazi hapa, Equity BCDC na TMB, yako mikononi mwa vikundi vya Kenya. Kwa hiyo ujuzi hauko mbali. Lakini isisemwe kwamba M-Akiba ilikuwa muujiza. Ilipotafuta shilingi bilioni 1 katikati ya mwaka ule, ilipata sehemu ndogo tu. Simu peke yake haimfanyi mtu akopeshe serikali yake.

Kwa franka ao kwa dola?

Hili ni swali ambalo kila kambisti wa barabarani anaweza kulieleza kuliko profesa. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu franka 2000. Mwisho wa mwaka ule ilikuwa imepita 2600. Mtu aliyekopesha franka milioni 2 mwanzoni mwa mwaka, tuseme kwa 15 kwa mia, angepokea milioni 2 na laki 3. Kwa karatasi amepata faida. Akienda kwa kambisti na bei ya 2650, anapewa dola 868. Mwanzoni alikuwa na 1000. Leta imemlipa yote iliyoahidi, na bado amepoteza.

Ndiyo sababu Wizara ya Fedha ilitoa hati zinazoitwa "indexées", yaani zinafuata bei ya dola, na baadaye hati za dola moja kwa moja. Karibu makuta 9 kwa 10 yaliyo katika mabanki ya Kongo ni dola, basi serikali ilifuata makuta pale yalipo.

Lakini dola nazo haziko bila mwiba. Franka, BCC inaweza kuzichapisha, dola haiwezi. Serikali inapata dola zake kwa sehemu kubwa kutoka migodi ya shaba na kobalti ya Katanga, na kwa wafadhili. Mwaka wa 2025 tu, Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje kwa miezi mingi ili bei ipande. Mwenye hati ya dola anapaswa kujua kwamba makuta yake yako mbali na hapa, kwenye barabara ya Kolwezi. Tena dola haipandi siku zote. Mwisho wa 2025 ilishuka hadi chini ya franka 2500, na wale waliokuwa na akiba ya dola huku wakinunua unga kwa franka walilia.

"Leta hailipake deni"

Huu ndio ukuta wenyewe. Wazazi wanakumbuka mwezi wa kumi na mbili 1979, wakati Mobutu alipoondoa noti za zaïre 5 na 10 na kuwapa watu siku chache tu za kuzibadilisha. Wengi walibaki na magunia ya karatasi. Wanakumbuka miaka ya 1990, makuta yakioza mfukoni kati ya asubuhi na jioni, zaïre mpya ikaingia 1993, kisha franka ikaja 1998. Wafanyabiashara waliouzia serikali vitu wanajua deni ambalo watoto wao ndio watakuja kudai. Walimu wanajua neno "arriérés" bila kufundishwa.

Mwenye kusema Leta hailipake, basi, hasemi uongo. Ila deni hizi si za aina moja. Deni ya mtu aliyeuzia ofisi ya serikali viti haina siku ya kulipwa. Anaweza kuzungushwa ofisi hadi ofisi, na serikali haipotezi kitu. Hati ina tarehe, na mwenye kudai ni banki ile ile ambayo serikali itaiomba tena makuta juma linalofuata. Ikikosa kulipa siku ya pili hii, siku ya pili ijayo mnada unabaki mtupu. Serikali inalipa deni hii mbele ya nyingine kwa sababu inaihitaji kesho. Tangu 2019 mabanki yameendelea kurudi kununua, na mabanki hayana huruma.

Lakini hiyo si ahadi ya milele. Ghana ilikuwa nchi ambayo watu wake wa kawaida walizoea kununua hati za serikali, hata wastaafu. Mwisho wa 2022 serikali yao ilizidiwa na deni. Iliomba wenye hati wazibadilishe kwa nyingine za muda mrefu zaidi na faida ndogo. Mwanzoni mwa 2023, wazee walioishi kwa faida ile walikwenda kusimama mbele ya Wizara ya Fedha mjini Accra, siku nyingi, hadi hati zao zikaachwa nje ya mpango ule. Serikali haitoroki usiku na valizi kama mwenye Banque Lambert. Inarefusha muda, na kwa mzee wa miaka 70, muda ndio makuta.

Mlango wa kutokea

Watu wengi wanauliza faida ni ngapi. Wachache wanauliza: nikitaka makuta yangu kabla ya tarehe, inakuwaje?

Mahali penye soko la hisa, mwenye hati anaweza kumuuzia mwingine. Bei inategemea siku ile. Kama ana hati ya 9 kwa mia na serikali sasa inatoa mpya za 12, hakuna atakayemlipa 1000 kamili. Atauza 950, labda chini ya hapo. Kama hati mpya zinatoa 6 tu, yake inatafutwa na bei inapanda. Asiyeuza, akangojea hadi mwisho, haguswi na hayo. Kongo haina soko la hisa. Mwenye haraka hana budi kuiomba banki yake, na banki ndiyo itaamua bei.

Kwa wakaaji wa Mashariki kuna mlango mwingine tena. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 mabanki ya Goma yalifunga, na Bukavu ikafuata mwezi wa pili, wakati M23 ilipoingia. Makuta ya watu hayakuibwa kwenye akaunti. Yalikuwepo, yanaonekana kwenye simu, na mtu analala njaa. Wengine walivuka hadi Gisenyi kutafuta noti, wengine walikatwa komisyo kubwa na wenye kibanda cha simu ili wapewe makuta yao wenyewe. Hati iliyonunuliwa kupitia tawi la mji kama huo ingeendelea kuwa nzima katika vitabu vya Kinshasa, huku mwenyewe hana gishe ya kuuliza. Kwa hiyo minerval ya mwezi wa tisa, makuta ya hospitali, na yale ambayo kila familia huku inajua ni ya kukimbia, hayaingii kwenye hati hata kama faida ni nzuri namna gani. Na mwenye kununua aulize kama faili yake inaweza kushughulikiwa kwenye tawi la mji mwingine, na nani ndani ya familia ana ruhusa iliyoandikwa.

Ndugu zake Bindo

Hatari kubwa zaidi kwa akiba ya wakaaji haitoki BCC. Inatoka kwa wale wanaotumia maneno yale yale, "placement", "investissement", siku hizi hata "obligation", ndani ya vikundi vya WhatsApp. Kongo ilipita hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Bindo Promotion ya Kinshasa iliahidi kuzidisha makuta ya watu mara kadhaa kwa majuma machache. Wa kwanza walilipwa kwa makuta ya waliofuata. Mwaka wa 1991 ilianguka, na akiba za familia nyingi zikaenda nayo.

Hesabu moja inatosha. Anayeahidi 30 kwa mia kila mwezi, faida ikibaki ndani, anasema dola 1000 zitakuwa zaidi ya 23,000 kwa mwaka mmoja. Hata shimo la dhahabu la Mongbwalu ao Kamituga halifanyi hivyo, na wachimbaji wanajua. Hati ya kweli inachosha: faida ndogo, tarehe ndefu, karatasi nyingi, na hakuna anayelipwa kwa kuleta marafiki watano.

Nani basi anafaa kuifikiria? Si mtu wa bidoni mbili za mawese. Labda mutuelle ya walimu yenye mfuko wa uzeeni, chama cha wafanyabiashara chenye makuta yanayolala mwaka mzima, dayosisi, ama COOPEC yenyewe. Hao wanaweza kufunga dola miaka miwili bila mtoto kufukuzwa shuleni. Na wao pia watakutana na swali lisilo na asilimia. Makuta yakiingia kwenye hazina hayaulizi yametoka wapi: hakuna anayeweza kusema dola zake ziende kwenye barabara ya Beni–Kasindi na zisiende kwa jeshi, ama kwa safari za mawaziri. Wengine watakataa kwa sababu hiyo, na ni haki yao.

Matokeo ya kila mnada yanatangazwa, kwa Kifaransa: serikali iliomba kiasi gani, mabanki yalileta kiasi gani, kwa faida gani na kwa muda gani. Mstari wa kusoma kwanza ni ule wa pili. Kuna siku ya pili ambapo mabanki yanaleta zaidi ya kilichoombwa, na kuna nyingine yanaleta nusu yake.